Viatu vya kuingilia ziwani: tuliyojifunza Luchelele

Mgeni afikaye Mwanza kwa mara ya kwanza hutazama juu. Mawe makubwa yamepandana vilimani, nyumba zimejibanza baina yake, na pale Kamanga, karibu na kivuko, Jiwe la Bismarck limesimama majini kama lililotegwa lianguke. Nasi tulitazama juu kwa siku mbili. Siku ya tatu mwenyeji wetu alitufundisha kutazama miguu yetu.

Baada ya swala ya Alfajiri tulipanda daladala, watu wazima wanne na watoto watatu, tukapita Nyegezi na Malimbe hadi Luchelele, kusini mwa jiji. Tulitaka kuwaona bata mwitu, ambao mapambazuko huwakuta wakitafuta chakula kando ya mafunjo na magugu maji. Mwenyeji wetu ni mzee ambaye katika ujana wake aliwinda ndege hao kwa bunduki ya marisau. Njiani aliwaeleza vijana wetu kwamba mwindaji Muislamu hulitaja jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua, na kwamba katika nchi yetu kuwinda bila leseni ni kosa la jinai. Siku hiyo hakubeba silaha. Alibeba fimbo ndefu tu.

Tulipofika ukingoni alisimama, akatutazama miguuni. Baadhi yetu walivaa kandambili, wengine raba za kitambaa, watoto wakiwa na yeboyebo. Mmoja tu alikuwa na gambuti.

"Wanangu," alisema, "mwenye gambuti anifuate. Waliobaki wakae juu ya jiwe hili. Ndege wataonekana vilevile."

Tulidhani anahofia miiba, vipande vya chupa na ndoana zilizotupwa na wavuvi. Hayo yapo, na kandambili haiyazuii. Lakini hofu yake kubwa ilikuwa kichocho. Ugonjwa huu umeenea sana kandokando ya Ziwa Victoria, hasa kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo hufika ziwani pamoja na kinyesi cha binadamu, huanguliwa majini, na vijidudu vyake huingia ndani ya konokono wadogo waishio kwenye mimea ya maji ya kina kifupi. Baada ya wiki kadhaa konokono hutoa vijidudu vipya kwa maelfu, navyo hupenya ngozi nzima, isiyo na jeraha, kwa dakika chache tu. Mtu haoni kitu wala hasikii maumivu. Miaka ikipita bila tiba, ini na bandama huweza kuharibika, tumbo likajaa maji, na hata mgonjwa akatapika damu.

Kwa hiyo kiatu cha kuingilia majini hakipimwi kwa bei wala kwa sura. Swali la kwanza ni moja: je, maji yanaifikia ngozi? Raba hunywa maji na kuyashikilia mguuni, yeboyebo ina matundu, na kandambili hung'olewa na tope hatua ya pili. Gambuti hukinga, lakini hukinga hadi ukomo wake tu, chini kidogo ya goti. Ndiyo maana mzee alitangulia na fimbo akipima kina kila hatua. Maji yalipokaribia nusu ya gambuti, alirudi. Gambuti likijaa maji huwa zito, na katika tope refu huweza kumnasa mtu asiweze kujinasua. Wawindaji wanaoingia kwenye kina zaidi huhitaji suruali ya mpira ifikayo kifuani, nayo ina hatari hiyohiyo ikijaa maji.

Alituusia pia namna ya kununua. Lijaribu gambuti ukiwa umevaa soksi nene. Likipwaya kisiginoni, tope litalivua. Likibana, litachubua. Tazama soli iwe na meno ya kushika utelezi wa mawe. Lijaze maji nyumbani uone kama linavuja. Ukilivua, lioshe na ulikaushe kivulini, kisha likung'ute kabla ya kulivaa tena, kwani nge hupenda mahali penye giza.

Jua lilipopanda, mmoja wetu aliuliza kuhusu udhu wa Adhuhuri. Ziwa lilikuwa mbele yetu, na mkono ulikwisha kunyooshwa. Mzee alimzuia. Maji ya ziwa ni tohara, alisema, lakini maji ya ukingoni saa za jua kali ndiyo yenye vijidudu vingi zaidi. Alitoa dumu la maji aliyoyateka na kuyaweka nyumbani kwa zaidi ya siku mbili, muda ambao vijidudu hivyo hufa. Aliyevaa gambuti alikuwa amelivaa akiwa na udhu kamili, kiatu ni safi na kimefunika vifundo, basi akachukua rukhsa ya kupaka juu ya khofu: usiku na mchana mmoja kwa mkaazi, siku tatu na usiku wake kwa msafiri. Akilivua, rukhsa hukoma. Mwenye shaka amuulize sheikh wa msikiti wake.

Tukiwa tunakunja mkeka, mtoto wetu mdogo alisema kwamba jana yake alioga ziwani na wenzake. Tulinyamaza. Tulitaka kumkimbiza kituo cha afya saa ileile. Mzee alitueleza kwamba kipimo cha choo hakionyeshi mayai mapema, kwa kuwa minyoo huhitaji wiki sita hadi nane kukomaa, na kwamba dawa ya prazikwanteli huua zaidi minyoo iliyokomaa. Akitokewa na homa kabla ya hapo, tumpeleke na tumweleze daktari kuwa aliogelea ziwani. Dawa hiyo pia haimkingi mtu akirudi majini.

Tuliandika tarehe ile kwenye daftari la safari, na miezi miwili mbele yake tukaandika jina la mtoto. Kabla ya kupanda basi la kurudi nyumbani tulipitia dukani mjini, tukanunua jozi tatu za gambuti za watoto.