Tui Halifunikwi

Tui la kwanza kunikatikia kwenye kahawa lilinikatikia London, mwezi wa Januari, nikiwa na wiki mbili tu kazini mgahawani. Pakiti za maziwa ya nazi zilikuwa zimekwisha. Nikatumwa duka la jirani, nako hazikuwepo, nikarudi na kopo la tui huku nikijiona mjanja. Mimi mtoto wa Tanga, nani wa kunifundisha nazi? Nikalimimina lote kwenye jagi la chuma, nikazamisha bomba la mvuke, nikaliacha lipige mpaka jagi likaniunguza kiganja, kisha nikamwaga juu ya espreso.

Kwa sekunde mbili tatu kikombe kilitulia. Halafu chembechembe nyeupe zikaanza kupanda, na mafuta yakachora miduara juu kama mchuzi wa jana uliopashwa vibaya. Mteja alikiangalia kikombe, akaniangalia mimi, akaomba chai.

Jioni nikampigia Bibi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona sauti hiyo?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, nadhani alikuwa bado anatafuta ni nani huyo aliyetaka tui kwenye kahawa, na amekosa nini kingine cha kunywa. Halafu akaniuliza maswali yake yaleyale ya miaka yote. Moto ulikuwa mkali? Ulikuwa unakoroga? Ulilifunika?

"Sikulifunika, Bibi. Ila sikukoroga, na ule mvuke ni mkali."

"Basi umelikata mwenyewe. Usiisingizie kahawa."

Kwa kweli kahawa nayo ilikuwa na sehemu yake ya makosa. Tui ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji kwa matone madogo mno, na kinachoyazuia yasikusanyike ni protini kidogo iliyomo humo. Ukilichemsha kwa fujo, ile protini inafumuka na kugandana, na mafuta yanapanda juu. Asidi nayo hufanya kazi hiyohiyo, na espreso ina asidi, hasa ikiwa buni imekaangwa kidogo tu. Siku ile mashineni tulikuwa na kahawa ya Kenya, imekaangwa ikabaki rangi ya mdalasini, ina ukali wa ndimu ambao wateja wetu wanaulipia pesa nyingi. Yaani nililipiga tui kwa moto, kisha nikalitia ndimu. Hakuna mpishi wa pwani afanyaye hivyo. Embe bichi au ukwaju huwahi kuingia chunguni, na tui zito huja mwisho kabisa, moto umeshapunguzwa, mkono haukai, na kifuniko kiko mbali.

Kesho yake nikaanza kulitendea lile bomba la mvuke kama mwiko. Ukiiweka ncha yake pembeni kidogo mwa jagi, kimiminika huanza kuzunguka chenyewe kama maji yanayoshuka kwenye tundu la sinki. Huko ndiko kukoroga. Maziwa ya ng'ombe tunayapeleka hadi nyuzi 60 au 65. Tui nalisimamisha kwenye 55, kiganja kikiwa bado kinavumilia jagi. La kopo nalizimua kwanza, sehemu moja ya tui kwa mbili za maji. Na badala ya kulimwaga tui juu ya espreso, naitiririsha espreso polepole ndani ya tui huku nazungusha kikombe, kahawa yenyewe ikiwa ya kukaangwa zaidi. Mengine hayakubadilika: gramu 18 za unga, shinikizo la bar 9, sekunde 25 hadi 30, na kahawa inatoka nyembamba kama mkia wa panya.

Tatizo lililobaki ni povu. Maziwa ya ng'ombe yana protini kama gramu tatu na ushei kwa kila gramu mia, na hiyo ndiyo inayojenga kuta za povu, ndiyo maana unaweza kuchora jani au moyo juu ya kikombe ukabaki hapo. Tui lililozimuliwa halina hata gramu moja. Povu lake hupanda kwa mbwembwe, kisha linashuka kabla mteja hajakaa. Wenye viwanda wamelitibu hili kwa kuongeza protini ya soya au ya njegere, gundi ya kushikiza, na chumvi za fosfati za kupunguza makali ya asidi, kisha wakaandika "barista" kwenye pakiti na kupandisha bei. Sisemi ni vibaya. Saa mbili asubuhi, foleni imefika mlangoni, hata mimi nafungua pakiti.

Ila soma ubavu wa hiyo pakiti. Maji kwanza, nazi kidogo, mara nyingine na mchele. Nilimsomea Bibi kwenye simu akacheka mpaka akakohoa. Kwake kuna tui la kwanza, zito, la kutilia mwisho. Kuna la pili, jepesi, la kuivishia wali na maharage. "Hilo lako," akasema, "ni maji ya kuoshea kifumbu."

Cha ajabu, hata hilo jina la maziwa ya nazi lina kesi. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa vinywaji vya soya na jamii yake visiuzwe kwa jina la maziwa, kwa kuwa maziwa ni ya mnyama. Nazi ilisalimika, kwa sababu jina lake la Kiingereza lilikuwa tayari kwenye orodha ya majina yaliyosamehewa kwa kuwa yamezoeleka. Wangeniuliza ningewaambia kwamba Kiswahili hakikuwahi kuingia kwenye ugomvi huo. Maziwa ni maziwa, tui ni tui.

Lingine lililonishangaza ni baridi. Kule nyumbani mafuta ya nazi ya Bibi yalikaa chupani dirishani, mepesi kama maji, mwaka mzima. Hapa niliyakuta dukani ndani ya mtungi wa kioo yameganda meupe kama mshumaa, nikadhani yameharibika. Yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na jikoni kwangu wakati wa baridi hazifiki. Ndiyo maana kopo la tui ukilifungua hapa bila kulitikisa unakuta donge juu na maji chini. Na ndiyo maana kahawa ya tui zito lazima inywewe ingali moto. Mteja akiisahau mezani kwa ajili ya simu, anakuta ngozi ya mafuta inayogandia mdomo wa juu.

Watu hapa huniuliza kama kwetu ndiko ilikotoka hii kahawa ya nazi. Nazi kweli imejaa kwetu, kahawa pia inalimwa nchini, Kilimanjaro, Mbinga, Mbozi, na ile robusta ya Kagera. Lakini sikuwahi kuona mtu ameviunganisha kikombeni. Nazi ilikuwa ya jikoni, ya mbuzi na kifumbu, na kelele za wanawake. Kahawa ilikuwa ya barazani. Kahawa ya Ngamiani, kule Tanga, niliijua kwa masikio kwanza: muuzaji akipita jioni, birika la shaba juu ya mkaa mkono mmoja, mkono mwingine anagonganisha vikombe vidogo, na ukisikia mlio ule unajua magharibi imekaribia. Wanaume walikaa wakinywa kahawa chungu, haina maziwa wala sukari, pengine tangawizi, wakibishana mpira na siasa. Mimi nilifika pale nikiwa nimetumwa tu, na chupa ya chai mkononi, wageni wakiwa nyumbani.

Ilinichukua miaka kukumbuka kwamba pale karibu na birika kulikuwa na sahani ya kashata. Nazi ya kukuna, sukari imeiva, imekatwa vipande. Unamega kidogo, unapiga funda la uchungu. Kumbe nazi na kahawa zilikuwa zikikutana siku zote, ila mdomoni, na mnywaji mwenyewe ndiye aliyepima kiasi gani cha kipi. Kikombe changu cha London kimeshamwamulia kila kitu. Ni kizuri, nakinywa mwenyewe, lakini kina ladha moja tangu funda la kwanza hadi la mwisho.

Likizo iliyopita nilienda na kibirika cha Kiitaliano cha kupikia kahawa jikoni, na robusta niliyoinunua Dar es Salaam. Bibi akakaa juu ya mbuzi mwenyewe, alikataa nimkunie. Tui la pili nikaliweka kwenye jiko la mkaa, nikakoroga bila kusimama, yeye akinitazama mkono tu. La kwanza nikalitia mwisho, nikaepua, kisha nikatiririsha kahawa. Halikukatika. Lilikuwa na harufu ambayo hakuna pakiti niliyowahi kufungua iliyokuwa nayo, ile harufu ya nazi iliyovunjwa dakika ishirini zilizopita.

Bibi akanywa kimya, kwa vifunda vidogo, mpaka mwisho. Akafuta mdomo kwa upindo wa kanga.

"Mchuzi mzuri," akasema.

Halafu akamwita mtoto wa jirani, akampa chupa ya chai na pesa. "Nenda kwa muuza kahawa, mwambie ni yangu. Na kashata mbili, angalia asikupe za jana."