Siku Tatu za Kula Nje na Masahibu wa Kale Mjini Mombasa



Katika ada zetu za Mwambao, mgeni hapelekwi hotelini. Mgeni hutandikiwa mkeka, akaletewa maji ya kunawa, na sinia likawekwa kati. Mama zetu walihesabu kuwa ni aibu mgeni kula chakula cha kununua ilhali jiko la nyumba li hai. Mwanamke kuonekana akila kando ya njia lilikuwa jambo la kusemwa mtaa mzima. Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakunena, mgeni njoo twende tukale nje.

Lakini mji umegeuka. Nyumba nyingi za Kibokoni na Kuze, zilizokuwa na kumbi pana na mabibi watatu jikoni, zimegawanywa katika mirathi, zimeuzwa, au zimefanywa maghala na maduka. Wenyewe wamehamia ghorofa za Tudor, Kizingo, Nyali na Bamburi. Wengine wako Maskati, Dubai na London. Wanaporudi kutembea, wengi wao hawana tena ukumbi wa kufikia. Basi mji mzima ndio uliokuwa ukumbi wao, na hoteli na mabaraza ya wauzaji ndiyo majiko yake.

Mwezi uliopita nilipata wageni wa namna hiyo, masahibu wawili niliosoma nao tangu siku za madrasa. Mmoja anaishi Maskati na mumewe, huu ukiwa mwaka wa kumi na moja. Wa pili ni mwalimu Nairobi. Mimi kazi yangu ni uanamitindo. Huvaa mabuibui, madera na leso za wafanyabiashara wa Mtaa wa Biashara, zikapigwa picha za kutangazia. Ni kazi ya stara, lakini ni kazi ya kutazamwa, na mtu anayetazamwa siku sita hutamani siku ya saba apate pembe isiyo na macho. Chumba changu kiko ghorofa ya nne, na tukiketi watatu, wa nne husimama. Ndiyo sababu tulikula nje siku tatu mfululizo, na ndiyo sababu nimeona niyaandike haya kwa ajili ya familia zitakazopata wageni likizo ijayo.

Ijumaa usiku: chakula bila kikao

Mwalimu wetu alikuja kwa treni, ile iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ambayo humchukua mtu kutoka Nairobi hadi Miritini kwa muda wa saa tano hivi. Kutoka hapo alipanda matatu, akavuka Makupa na kuingia kisiwani. Wa Maskati alikuwa amekwisha kuwasili kwa ndege tangu adhuhuri. Baada ya sala ya Isha tukaenda kula mishkaki katika hoteli moja iliyosifiwa sana.

Mishkaki yake sina la kuitoa kasoro. Nyama ililala katika ndimu, thomu na tangawizi hadi ikalainika, ikachomwa kwa makaa, ikaletwa pamoja na mkate wa moto, ukwaju na kachumbari. Lakini tuliketishwa karibu na mlango, mbele ya safu ya watu waliongoja meza. Kila tulipoinua tonge, mtu alitazama kama limebaki la mwisho. Kijana mmoja akanitambua kutokana na bango la duka, akainua simu apige picha. Nikavuta ushungi, nikageukia ukuta, na nikamaliza chakula changu nikiwa nimeupa mji kisogo.

Nusu saa haikutimia tukawa tumesimama. Sahibu yangu wa Maskati alikuwa amezungumza habari za joto la huko, bei ya tikiti na meno ya mwanawe mdogo. Mama yake alifariki miaka miwili iliyopita, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kurudi. Sote tulilijua, na hakuna aliyelitaja. Neno kama hilo halisemwi mlangoni.

Jumamosi asubuhi: mbaazi, mahamri na mlango

Anayetaka kuujua Mji wa Kale na auingie asubuhi, kabla jua halijapanda, wakati mitaa inanukia iliki na mafuta ya moto. Huo ndio wakati wa mbaazi na mahamri. Mbaazi hulowekwa tangu usiku, zikachemshwa hadi zikaiva vema, ndipo zikatiwa kitunguu, pilipili na tui. Na tui zito la kwanza hutiwa mwisho, moto ukiwa mdogo, lisije likakatika. Hamri nalo hukandwa kwa tui, sukari na iliki, likaachwa liumuke, likakatwa pembe tatu. Hamri lililokandwa vema hufura ndani ya mafuta likawa na tumbo tupu, na katika tumbo hilo ndimo mbaazi zinamotiwa.

Tulinunua kwa bi mkubwa mmoja anayeuza mlangoni pake, kwenye baraza la mawe. Majirani humjia na mabakuli yao wenyewe, na watoto hutumwa wakiwa wamekunja pesa kiganjani. Tulipomwamkia alitutazama mmoja mmoja, akatuuliza kwa wazazi wetu, na alipofika kwangu akaniongezea hamri moja juu ya hesabu.

"Wewe kula, mwanangu," akasema, "upepo wa kusi usije ukakuchukua."

Wenzangu walicheka hadi wakashika ukuta. Nilikuwa na kazi ya picha Jumanne iliyofuata, na katika kazi yetu kuna mtu mwenye tepu ya kupimia kiuno; hata hivyo amri ya bi mkubwa hairudishwi, na hamri nikalila.

Tukapita Ngome ya Yesu, ambayo Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596 na ambayo tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia. Tukashika Ndia Kuu, kisha tukaingia katika vichochoro, hadi tukafika ilipokuwa nyumba ya mama yake sahibu yangu. Warithi walikuwa wengi na nyumba ni moja, ikauzwa. Sasa ukumbi wa chini umejaa magodoro ya biashara. Mlango wa nakshi bado upo. Aliuwekea kiganja, akasimama kidogo.

"Mlango wameuacha," akasema, kisha akatangulia kutembea.

Kahawa na halua

Kahawa chungu ya dele ni ya mabaraza, na mabaraza ni ya wanaume. Hilo halijabadilika sana. Wanawake wa zamani walimtuma mtoto na birika. Siku hizi zipo nyumba chache za kahawa zilizotandikwa majilisi, mito na mazulia, ambamo mwanamke aweza kuketi bila kuulizwa anamngoja nani. Tukaingia katika mojawapo, tukaagiza kahawa na halua.

Mgeni wetu wa Maskati aliionja halua kama kadhi anayesikiliza shahidi. Huko aliko, alitueleza, halua hutiwa zafarani, marashi ya waridi na lozi, na hakuna mgeni anayeingia nyumbani asiletewe pamoja na kahawa. Yetu na yao ni ndugu: sukari, wanga, samli na iliki, na mkono usiochoka kukoroga. Si ajabu, kwa kuwa miji hii miwili imejuana kwa muda mrefu. Waomani waliitwaa Ngome hiyo tuliyoipita mwaka 1698, baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Hukumu yake ikawa kwamba ya Maskati ina harufu zaidi, na ya Mombasa ina kumbukumbu zaidi.

Hapo mwalimu aliniuliza kama nitaendelea na kazi yangu. Alimtaja Halima Aden, yule binti wa Kisomali aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma mwaka 1997, akawa maarufu duniani kwa kuvaa hijabu katika maonyesho makubwa ya mavazi, na mwisho wa mwaka 2020 akajitoa, akieleza kwamba kazi hiyo ilikuwa ikimgonganisha na dini yake. Nilimjibu kuwa nimeweka mipaka yangu: ninachovaa, ninayefanya naye kazi, na saa ya sala isiyoguswa. Siku mpaka mmoja utakapovunjwa, nitarudi kushona. Akaniambia, "Basi iandike, usije ukaisahau." Nami nimeiandika.

Jumamosi mchana: biriani nyuma ya pazia

Chakula kikuu cha siku hizo tatu tulikila katika hoteli ndogo isiyo na bango la fahari. Chini huketi wanaume. Juu kuna vyumba vya familia, kila kimoja na pazia lake, beseni la kunawia na zulia la kusalia lililokunjwa pembeni.

Tukaagiza biriani ya mbuzi. Wageni huichanganya na pilau, lakini hizo ni njia mbili. Pilau hupikwa chungu kimoja, mchele ukanywa supu ya nyama na viungo. Katika biriani yetu ya Mombasa, nyama hupikwa peke yake ndani ya masala mazito ya vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vyekundu, nyanya, maziwa ya mgando, thomu na tangawizi. Wali hupikwa kando ukatiwa rangi, na viwili hivyo hukutana sahanini. Ni chakula kisichotaka haraka kwa mpishi wala kwa mlaji. Tulinawa, tukapiga bismillahi, na kwa mara ya kwanza wiki ile nilikula kwa mkono mzima.

Katikati ya chakula, sahibu yetu akaacha kula. Akatueleza jinsi simu ilivyolia alfajiri, jinsi alivyotafuta ndege na kukosa ya siku ile, na jinsi nduguze walivyomwambia kwa upole kwamba mazishi ni baada ya Alasiri. Maiti hangoji ndege, naye alilijua hilo. Alisali huko huko, akasoma Yasini, akakaa eda ya moyo wake katika mji ambao hakuna aliyemjua marehemu. "Watu walinipa pole," akasema, "lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kula mkono wake." Sisi tulikuwa tumeula. Mwalimu akamkumbusha mkate wa sinia ambao mama huyo alitupikia siku tulipohitimu juzuu amma, na jinsi alivyoukata vipande vikubwa kwa watoto wa watu na vidogo kwa wa kwake. Akalia, kisha akacheka, kisha akala tena.

Mama anayehudumia vyumba vile aliinua pazia, akatuona, akalishusha. Aliporudi alileta birika la chai ya maziwa ambayo hatukuiagiza. Hakuna aliyetuletea hesabu mpaka tulipoiitisha wenyewe, na wakati huo adhana ya Alasiri ilikuwa imekwisha kusikika.

Jumapili jioni: ufukweni Mama Ngina

Jioni ya mwisho tulikwenda Mama Ngina, pwani ile ya mibuyu mikubwa iliyotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2019. Jumapili hujaa familia, na mwanamke akila hapo hakuna amtazamaye, maana kila mtu anakula. Mihogo huchomwa kwa makaa, ikapasuliwa, ikatiwa chumvi, pilipili na ndimu. Kuna kachri za mihogo, viazi vya karai vilivyovikwa unga wenye manjano, na madafu ya kutuliza ulimi. Meli za mizigo huingia Kilindini karibu kiasi kwamba watoto huwapungia mkono mabaharia. Sahibu yetu alinunua mabuyu ya rangi kwa ajili ya wanawe, wapate kuona wekundu wa ulimi tuliokuwa tukiulizwa na mama zetu.

Mwalimu, ambaye hawezi kukaa bila methali, akasema: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Tukabishana naye hadi Magharibi.

Kwa watakaopata wageni

Haya basi ndiyo tuliyoyapata. Unapomchagulia mgeni hoteli, usiulize kwanza habari za chakula, kwa sababu chakula kibaya ni nadra Mombasa. Uliza kama pana sehemu ya familia, kama pana pa kusalia, na kama mtu huachwa akae. Mishkaki iwe ya usiku ambao watu wana furaha tupu. Mazungumzo mazito yawekewe mchana, baada ya Adhuhuri, hoteli zikianza kupungua watu. Mahamri yanunuliwe kwa akina mama wa milangoni, kwa kuwa wao bado huuliza mtu kwa wazazi wake. Na hata kama chumba ni kidogo, mgeni asiondoke bila kunywa japo chai ya mkono wako.

Kwa wenye hoteli tuna ombi moja. Pazia na chumba cha juu msivihesabu kuwa ni nafasi inayopotea. Kuna watu waliotoka mbali, ambao nyumba zao haziko tena, na jambo walilolibeba haliwezi kutuliwa mlangoni.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotulisha, na awakutanishe waliotengana. Amin.