Kutoka Maparoni Hadi Sabasaba: Muuzaji ni Nani?

Anayeijua delta ya Rufiji anajua kwamba safari huko hupangwa na maji, si na saa. Sisi wa Maparoni tulipakia mzigo usiku, maji yakiwa yanajaa: mikeka ya ukindu, uduvi mkavu na madumu machache ya asali. Baada ya swala ya alfajiri mashua ikajipenyeza kati ya mikoko kuelekea Nyamisati. Tulikuwa saba, akina mama sita wa kikundi cha ususi pamoja nami, katibu wa kamati ya msikiti, niliyebebeshwa daftari la hesabu kwa kuwa, walisema, nimesoma.

Kutoka Nyamisati tulipanda gari hadi Bungu, tukaishika Barabara ya Kilwa mpaka Mbagala. Hapo wapiga debe walituzingira, kila mmoja akidai gari ni lake na kuunyoshea mkono nauli. Kiongozi wetu, mama mtu mzima ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa, alifumba kiganja. "Mwenye sare yuko wapi?" aliuliza. Hakutoa hata shilingi mpaka alipomwona kondakta ndani ya sare yake. Nilimsifu moyoni, bila kujua kwamba sisi wenyewe tutaisahau hekima hiyo kabla ya siku kwisha.

Viwanja vya Mwalimu Julius Nyerere viko kandokando ya barabara hiyohiyo ya Kilwa. Maonesho ya Kimataifa ya Biashara, ambayo mwaka 2025 yalikuwa ya 49, yanaitwa Sabasaba kwa ajili ya tarehe 7 Julai, siku iliyozaliwa TANU mwaka 1954. Umati wake, kwa mtu aliyezoea ukimya wa delta, unatisha. Tulipanga bidhaa zetu katika kona ya banda la pamoja, tukamshukuru Mwenyezi Mungu, tukangoja wateja.

Wateja walikuja, lakini hawakutuona. Akina mama wetu walivaa mabuibui meusi, na nusu ya wanawake waliopita hapo walivaa vivyo hivyo. Mgeni aliuliza bei kwa mgeni mwenzake, wakacheka, wakaondoka wote wawili. Mimi na kanzu yangu nilidhaniwa sheikh aliyekuja kutembea. Mzee mmoja alinisimamisha kwa muda mrefu kuhusu mirathi ya marehemu kaka yake, huku watu watatu wakiipapasa mikeka na kuiacha.

Yote hayo yalikuwa madogo. Alasiri alikuja dada mmoja kuchukua mikeka yake miwili.

"Shikamoo mama. Nimeifuata mikeka yangu. Nilimpa kijana wenu shilingi 40,000, akaniambia nizunguke kwanza ili asinichoshe na mzigo."

Hatukuwa na kijana. Mtu asiyekuwa wetu alisimama penye bidhaa zetu, akazisifia vizuri kuliko sisi, akapokea fedha na kutoweka. Wenzetu walinong'ona kwamba fedha hiyo ni sehemu ya nauli ya kurudi. Nami, nakiri, nilikwisha kufungua kinywa kumweleza dada yule kwamba hasara ni yake. Bi Mkubwa alinitangulia. "Mwanangu, chukua mikeka yako," alimwambia. Kisha akanigeukia: "Angetujuaje, katibu? Tulimwonesha alama gani?"

Sikuwa na jibu. Na ajabu ni kwamba jambo hili tunalijua sana. Katika harusi na maulidi, upande wa kina fulani hujulikana kwa sare za kanga. Hata Makka, ambako wanaume wote wamo katika ihramu nyeupe, kiongozi wa kundi huinua bendera au mwavuli ili watu wake wasimpoteze.

Usiku ule tulikofikia, palikuwa na mjadala. Mmoja alitaka kila mtu aandikwe jina kifuani. Mwingine akasema hataki wanaume wasiomjua wamwite kwa jina lake, na nilimwona ana haki. Vitambulisho vya kuning'iniza shingoni nilivikataa mimi: vingi nilivyoviona viwanjani vilikuwa vimegeuka, na maandishi yake ni madogo mno. Tukakubaliana juu ya mitandio saba ya manjano, ya kuvaliwa juu ya buibui, yenye neno moja tu mgongoni kwa herufi kubwa: MAPARONI. Mgongoni, kwa sababu muuzaji wa mikeka muda mwingi ameinama. Wangu niliutupia begani, juu ya kanzu.

Bi Mkubwa aliongeza sharti ambalo mimi nisingelifikiria. Anayekwenda kuswali au kula anauvua mtandio na kuuacha kwake, na jioni mitandio huhesabiwa kabla ya fedha. Mtandio uliopotea, alisema, ni kijana mwingine.

Siku zilizofuata watu walitujia moja kwa moja. "Nyinyi wa manjano, huu bei gani?" Mzee wa mirathi naye alirudi, akaniangalia begani, akanunua uduvi.

Ile 40,000 niliiandika katika daftari kama hasara ya kikundi, na ilifidiwa kabla hatujafunga mzigo. Mitandio yote saba imo sandukuni Maparoni pamoja na mizani. Ufunguo anao Bi Mkubwa.