Mimi Ndiye Niliyeizima Mashine

Kaka yangu hakukatwa hata kidole. Aliyeumia ni mwenzake wa zamu ya usiku. Mashine ilimla mkono hadi kiwikoni, na kaka ndiye aliyekimbia kuizima. Mwenzake alijaziwa fomu, daktari akampima, fidia ikatoka. Kaka alipewa pole na siku mbili za kupumzika.

Toka hapo halali. Sufuria ikianguka jikoni, anaruka. Mama akasema amelogwa. Majirani wakasema ati bangi. Hospitalini ndipo tulipoambiwa: kiwewe.

"Kaka, twende ukadai."

Akacheka. "Nikawaonyeshe nini, mdogo wangu? Wale wanataka kidonda."

Basi nikaenda kusoma. Kumbe mwaka 2010 Shirika la Kazi Duniani liliingiza kiwewe katika orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi! Kumbe hapa kwetu Tanzania ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, na mfuko wake ulianza kazi 2015. Ila dai lina muda wake. Sisi tumeshakula miezi kumi tukibishana juu ya uchawi.

Juzi usiku nilimkuta ameketi kitandani, ameushika mkono wake wa kulia, anahesabu vidole.

Mimi najiita mwandishi wa riwaya. Asubuhi niliiweka riwaya kando, nikaandika barua kwa niaba yake. Sentensi ya kwanza alinitajia mwenyewe: "Mimi ndiye niliyeizima mashine."