Kinyozi Hajinyoi

Wahenga walisema kwamba kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Methali hii tunaifundisha kila mwaka, na wanafunzi huielewa upesi, kwa kuwa kila mmoja wao amekwisha kukaa kwenye kiti cha kinyozi. Lakini sijui kama sisi walimu tumeitazama vya kutosha kwa upande wa viongozi wetu. Mwalimu mkuu huendewa na kila mtu: mzazi aliyekosa karo ya chakula, mwalimu mgonjwa, mtoto aliyetoroka. Je, yeye humwendea nani? Siku za utulivu huenda asihitaji mtu. Mambo yanapogeuka ghafula, hata mkono uliozoea wembe hutetemeka.

Na kwetu mambo yamegeuka mara nyingi. Hapa Rusizi, wilaya ambayo wazee wengi bado huiita Cyangugu, Kiswahili kimesikika sokoni Kamembe tangu zamani, kwa kuwa Bukavu i ng'ambo tu ya mto. Shuleni, hata hivyo, sisi tulilelewa kwa Kifaransa. Mwezi wa Oktoba 2008 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba Kiingereza kishike nafasi ya Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia. Mwaka 2016 ukaja mtaala mpya uliojengwa juu ya umahiri wa mwanafunzi. Mwaka 2017 Kiswahili kikafanywa lugha rasmi ya nchi. Desemba 2019 wizara ikatangaza kwamba Kiingereza kianze kutumika tangu darasa la kwanza, na Machi 2020 shule zote zikafungwa kwa sababu ya maradhi ya korona. Katika kila badiliko, walimu walipewa mafunzo ya namna moja au nyingine. Mwalimu mkuu alipewa waraka, akatakiwa autekeleze.

Nilifundisha lugha chini ya mmoja wao, ambaye ameniruhusu nieleze habari zake bila kumtaja jina. Alikuwa hodari. Kabla ya mwaka 2008 hapakupita siku mbili bila yeye kuketi nyuma ya darasa la mtu, akisikiliza, na baadaye kumwita mwalimu pembeni wazungumze. Kiingereza kilipoingia, ziara zile zikapungua, kisha zikakoma. Alishinda ofisini na majalada yake. Wakaguzi walipokuja walikuta kila karatasi mahali pake, wakaandika kwamba shule imepangwa vizuri. Wakati huohuo vijana wetu walikuwa wakinakili ubaoni sentensi ambazo wao hawakuzielewa, na pengine hata aliyeziandika.

Miaka kadhaa baadaye Chuo cha Elimu cha Chuo Kikuu cha Rwanda, kwa kushirikiana na mamlaka ya elimu na shirika la Ubelgiji liitwalo VVOB, kilianzisha mafunzo ya uongozi kwa walimu wakuu. Wakaguzi wa elimu wa kila umurenge, yaani wa kila kata, nao wakafundishwa kazi ya kuwalea viongozi hao: kukutana nao kwa makundi, kuwasikiliza na kuwauliza. Ndipo mkaguzi wetu akaja siku moja bila daftari. Mwalimu mkuu alinisimulia mazungumzo yao.

"Mwalimu, mara ya mwisho uliingia darasani lini?"

Akanyamaza. Mgeni naye akanyamaza, wala hakumharakisha.

"Ni siku nyingi, mheshimiwa."

"Ni jambo gani linalokuzuia mlangoni?"

Akasema neno ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya mtu: "Nitamsahihishaje mwalimu katika lugha nisiyoiweza?"

Mkaguzi hakumpa hotuba. Aliuliza swali moja zaidi: "Hapa shuleni pana nani mwenye hicho unachokikosa?" Alikuwapo mwalimu kijana, binti aliyesomea Uganda. Wiki iliyofuata mwalimu mkuu alimwomba atufundishe Kiingereza saa moja kila Jumatano baada ya masomo, naye mwenyewe akaketi benchi la mbele, akiwa na daftari kama sisi. Siku ile aliposoma kwa sauti na kukosea, wala hakuna aliyecheka, hofu iliyokuwa imetukaa wengi ilianza kututoka. Haukupita muhula mmoja akarudi kuketi nyuma ya madarasa yetu. Hakuwa amekuwa bingwa wa Kiingereza. Alikuwa amekumbuka kwamba kujua kama mtoto anafuata somo au hafuati hakuhitaji lugha mpya.

Kazi hiyo tuiiteje kwa Kiswahili? Wengi husema kocha, kama katika mpira. Neno hilo limetoka Kiingereza, na asili yake ni kijiji cha Kocs nchini Hungaria, kilichosifika kwa magari ya farasi. Katika karne ya 19 wanafunzi wa Oxford walimwita hivyo mwalimu wa faragha, kana kwamba ni gari linalombeba mwanafunzi hadi avuke mtihani. Pwani kuna neno la zamani zaidi: kungwi. Kungwi hambebi mwari. Hukaa naye ndani, humfunda kwa mafumbo ambayo mwari mwenyewe hana budi kuyafumbua, kisha humtoa nje atembee kwa miguu yake. Kwa maoni yangu, mfano wetu unaifaa kazi hii kuliko ule wa gari.

Tena unatufunza jambo la pili. Yanayosemwa mbele ya kungwi hubaki hukohuko. Mkaguzi wetu alikuwa na kofia mbili: leo msikilizaji, kesho mtu wa kupima kazi na kuandika taarifa. Yeye alijitahidi kuzitenga siku hizo, na mwalimu mkuu akamwamini. Lakini si haki kuitegemea tabia njema ya mtu mmoja. Kiongozi akihofu kwamba udhaifu aliouungama Jumatatu utahesabiwa dhidi yake Ijumaa, atarudi kwenye majalada yake, nasi tutasifiwa tena kwa karatasi zilizopangwa. Ningependa basi mlezi wa mwalimu mkuu awe mwalimu mkuu mwenzake wa umurenge mwingine, asiyempa alama yoyote, na ukaguzi ubaki kwa wakaguzi.

Sisemi kwamba ulezi huu ni dawa ya kila kitu. Hauleti vitabu, wala haupunguzi watoto waliobanana kwenye benchi moja. Faida yake ni kwamba mabadiliko yanapomjia kiongozi kwa kishindo, hupata mahali pa kusema "hapa siwezi" kabla shule nzima haijalipa gharama ya ukimya wake.

Kwa hiyo, ndugu walimu, tunapoifundisha methali ya kinyozi, tuwaulize wanafunzi: kinyozi wa mji wetu hunyolewa na nani? Na tukitoka darasani, tupite ofisini kwa mwalimu mkuu tumjulie hali.