FUNDI SIMU WA MWANJELWA, KIFARU CHA MABOKSI NA CHUMA KIMOJA KILICHOMKOSESHA LAKI MBILI NA NUSU

Ukipita Mwanjelwa jioni, muda ule wauza mitumba wanakunja mali na bajaji za Kabwe zinagombania abiria, kuna meza moja ya fundi simu ambayo taa yake haizimwi mapema. Wapita njia wanajua jamaa anamalizia simu za wateja. Wapi! Pale chini ya kioo cha kukuzia, sehemu inapokaa bodi ya simu, kuna kifaru.

Sio mnyama wa mbugani. Kifaru cha vita, chenye mzinga, minyororo na mnara wa kuzunguka. Urefu wake ukihesabu na mzinga ni sentimita 33 hivi. Kinaenea mapajani.

Jina la kijana ni kapuni, kaomba mwenyewe. Ana miaka 24, shule aliishia Form Four, ufundi wa simu kajifunzia mezani kwa watu na kwenye video za YouTube. Kutengeneza vifaru hakufundishwa na mtu. Utotoni alikuwa mtoto wa magari ya waya na maboksi kama watoto wote wa uswahilini, tofauti ni kwamba wenzake walikua wakaacha, yeye akakua nayo.

Kifaru hiki ni mfano wa Type 59, kile cha Kichina ambacho Jeshi letu lilikitumia kwenye Vita vya Kagera. Kile cha kweli kina tani 36, watu wanne ndani na mzinga wa milimita 100. Sasa unaanzaje kukileta mezani Mwanjelwa bila hela?

Kilichoamua ukubwa ni kizibo cha chupa ya maji. Gurudumu la kile cha kweli lina upana wa sentimita 81 hivi. Kizibo ni kama sentimita 3. Jamaa akagawanya, akapata 27. Kuanzia hapo kila kitu kikagawanywa kwa 27: bodi likawa sentimita 22 na kidogo, upana 12, na binadamu akawa na kimo cha sentimita 6 na ushee. Usicheke. Hata kampuni ya Tamiya ya Japani, iliyoufanya ukubwa wa moja kwa 35 uwe maarufu duniani, ilianza kiaina hivyo hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa wanatengeneza kifaru cha Kijerumani kinachoitwa Panther kiwe cha kutembea chenyewe, ukubwa ukaamuliwa na betri zilizotakiwa kuenea ndani. Wao betri, yeye kizibo.

Bodi ni boksi gumu la katoni. Mnara ni trei za mayai zilizolowekwa, zikapondwa na gundi, zikafinyangwa juu ya kikombe mpaka zikakauka. Mzinga ni mrija wa juisi uliojazwa karatasi. Minyororo ni vipande vya tyubu ya baiskeli, kimoja kimoja, mia na kitu. Kamba ya kuvutia ni waya wa breki ya baiskeli uliofumuliwa ukasokotwa upya.

Wenzetu wa nje wanaofanya hii michezo wanauziwa pakiti za vipande vidogo vya shaba, tayari vimekatwa kwa asidi: bawaba, vishikio, nati, kila kitu. Mbeya hakuna duka hilo. Kwa hiyo nati zote za kifaru hiki ni ulezi. Ndiyo, ulezi wa uji. Punje moja moja, imeshikwa na kibanio cha ufundi simu, imegusishwa kwenye supagluu, imewekwa. Awamu ya kwanza panya walizila zote usiku mmoja. Awamu ya pili akazipaka rangi ya kucha kwanza, panya wakasusa.

Miezi minne ikaenda hivyo. Akapiga picha, akaposti, watu wakachanganyikiwa. Ndipo promota mmoja wa hapa jijini, naye jina kapuni ila ukitajiwa unamjua, akaja DM. Anamwandalia msanii wake video ya kutoka Siku ya Mashujaa, 25 Julai, anakitaka kifaru. Dau laki mbili na nusu, anakabidhiwa wiki moja kabla.

Laki mbili na nusu kwa fundi simu wa meza, mwezi wa saba, baridi la Mbeya limewafungia wateja ndani, kodi ya chumba ya miezi mitatu inadaiwa. We acha tu. Jamaa alishaanza kuitumia kichwani.

Kilikuwa kimekamilika. Siku mbili kabla ya kukikabidhi, akakipakia kwenye boksi, akapanda bajaji mpaka Soweto kwa mama yake mdogo, anakoishi babu yake mzaa mama. Akamwonyeshe mzee, basi, kabla hakijaondoka.

Kumwonyesha ni neno tu. Babu haoni. Presha ya macho ilianza jicho la kushoto, ikamalizia la kulia, sasa ni mwaka wa sita. Babu alikuwa askari wa miguu, Kagera alienda, Uganda aliingia. Hilo familia nzima inalijua. Kinachojulikana zaidi ya hapo ni sifuri. Ukimuuliza habari za vita anakuuliza wewe habari za mvua.

Kwa waliozaliwa juzi: mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakakalia upande wa kaskazini wa mto Kagera, daraja la Kyaka likalipuliwa. JWTZ ikajipanga ikajibu. Februari 1979 Masaka ikachukuliwa, 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Wengi wa wale vijana walienda kwa miguu yao. Kifaru kikipita na kina nafasi mgongoni, kupanda ilikuwa bahati.

Kijana akaamkia, "Shikamoo babu."

"Marahaba. Umeniletea nini, mbona kimya?"

Akamwekea mapajani. Babu akapitisha vidole taratibu. Akaanza na magurudumu, anahesabu kwa sauti: "Moja. Nafasi. Mbili, tatu, nne, tano." Akatabasamu. Ile nafasi kati ya gurudumu la kwanza na la pili ndiyo alama ya vifaru vya ukoo huu, na mzee kaikuta palepale. Akapita kwenye mzinga, akagusa ulezi, akacheka, "Nati hizi umezihesabu, baba?"

Halafu akafika kwenye mnara. Akapapasa upande wa kulia, akarudi, akapapasa wa kushoto, akarudi tena kulia. Tabasamu likapotea.

"Sasa sisi," akauliza, "tulishika wapi?"

Kijana hakuelewa. Babu akaeleza kwamba pembeni ya mnara kulikuwa na vyuma vya kushikia, vimepinda kama mpini wa ndoo. Bila vile, askari wa juu anamwagika kwenye kona ya kwanza. Kijana akatoa simu, akakuza picha. Kweli, vilikuwepo. Kila picha aliyokuwa nayo vilikuwepo. Miezi minne alikuwa anaviona kama mikwaruzo tu.

Akampigia promota kuomba siku tatu. Promota akacheka. "Mdogo wangu, kwenye video nani ataona kichuma? Nipe hivyo hivyo."

Hapo kila mwenye kodi inayodaiwa angesema sawa. Yeye mwenyewe alisema sawa. Usiku akakaa mezani anakitazama. Alfajiri akachukua sindano ya moto akaanza kutoboa mnara.

Mnara ukapasuka.

Trei za mayai zilizokauka ndivyo zilivyo, ukizitoboa baada ya kukauka zinafunguka kama ganda la karanga. Ikabidi afinyange mwingine, na kwa baridi la Julai Mbeya kitu hakikauki. Akauweka juu ya jiko la mkaa, ukapinda. Akauweka juu ya chaja za wateja zinazopata moto, angalau. Siku tatu zikawa sita. Promota siku ya nne alishaagiza kifaru cha plastiki Kariakoo, kikapandishwa basi. Laki mbili na nusu ikaishia hapo, na mwenye nyumba hakutaka kusikia habari ya mnara. Jamaa akauza spika yake ya Bluetooth, akalipa mwezi mmoja.

Alikasirika, tusidanganyane. Kuna siku mbili hakukigusa kabisa. Alijiona mjinga, na washkaji walimwambia hivyo hivyo bila chenga.

Ila alirudi. Akaanza na spoki ya baiskeli kutengeneza vile vyuma, akapeleka kipande kimoja Soweto. Babu akakipima kwa kucha: "Nene. Kiganja hakifungi." Akajaribu nyuzi za jampa za simu, zikawa nyembamba, zinalala ukizigusa. Mwisho ni klipu ya karatasi, unene milimita moja. Uzidishe kwa 27, ni bomba la karibu sentimita 3, mkono wa mtu unafunga vizuri. Akaipinda, akaisimamisha milimita mbili na nusu kutoka kwenye mnara, maana babu alisisitiza vidole lazima vipite nyuma yake.

Mzee alikuwa anasema haya yote huku mkono wake umekunjika hewani, umeshika kitu ambacho hakipo. Na siku ya ile klipu, bila kuulizwa, akaongea.

Ilikuwa usiku, wameshaipita Masaka, mvua inapiga. Wamepanda mgongoni mwa kifaru. Pembeni yake alikuwa mwenzake, kijana wa Kyela, hajalala siku mbili, kichwa kinadondoka. Ukidondoka pale usiku kinachokuja nyuma hakikuoni. Babu akamvua mkanda, akaupitisha kwenye kile chuma, akamfunga nao. Na yeye mwenyewe akashika chuma hichohicho mpaka kulipokucha. Asubuhi vidole vilikataa kufunguka. Wakavifungua kimoja kimoja, huku wanacheka.

Mama mdogo alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Akauliza, "Baba, ni yule mzee wa mchele?"

Kumbe ndiye. Miaka na miaka kila mavuno kulikuwa na mzee anakuja na gunia la mchele wa Kyela, anakaa na babu nje, hawaongei sana, jioni anaondoka. Watoto walijua ni mteja wa zamani, au ndugu wa mbali. Alifariki kitandani kwake, nyumbani. Babu macho yalikuwa yameshaondoka, mazishini hakwenda. Na hakumwambia mtu kwa nini siku ile hakula.

Kijana akarudi Mwanjelwa. Akakata uzi wa ngozi kwenye mkanda wa saa mbovu, upana milimita mbili, akaupitisha kwenye chuma cha kulia, akaufunga. Hakumwambia mzee. Siku ya 25 Julai, wakati video ya promota inatoka na kifaru chake cha plastiki kikionekana sekunde mbili, yeye alikuwa Soweto. Babu akapapasa, akafika kwenye chuma, kidole kikakutana na ile ngozi. Kikasimama hapo.

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Ndaga," asante ya Kinyakyusa, na hakuongeza.

Kifaru kipo Soweto, juu ya kabati, mahali ambapo mkono wa mzee unafika. Kijana bado anadaiwa miezi miwili. Juzi kaanza kupata oda nyingine ndogo ndogo, ila ile laki mbili na nusu haijarudi na hajifanyi kwamba haimuumi.

Kitu kimoja tu kimebadilika mezani kwake. Sasa hivi kabla hajaanza kukata boksi, anauliza kwanza: kwenye hiki kitu, watu walikuwa wanashika wapi?

Una babu au bibi ndani ambaye hajawahi kusimulia? Ungekuwa wewe, kodi imekubana, ungemkabidhi promota kile cha mwanzo au ungetoboa mnara? Dondosha komenti hapo chini, bila matusi.