Mataifa Mengi Katika Mji Mmoja

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu apendaye kuona mataifa mbalimbali hana budi kwanza kupanda ndege. Padre mmoja niliyesoma naye seminari alipata kupita Singapore, akaniandikia barua ndefu juu ya barabara iitwayo South Bridge Road, ambako hekalu la Wahindu na msikiti husimama katika njia ile ile, na jirani yake wapishi huuza vyakula vya Wachina, vya Wamalai na vya Wahindi. Barua hiyo niliisoma darasani. Wanafunzi wakastaajabu sana, na mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona sisi huku Lubumbashi hatuna kitu?"

Jumamosi iliyofuata niliwachukua watano wao, kwa ruhusa ya wazazi, tukatembea kwa miguu tangu asubuhi.

Mji wetu si mkongwe. Ulianzishwa mwaka 1910, mwaka ule ule reli ya kutoka Rodesia ilipofika hapa, ukaitwa Elisabethville kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji. Jina la Lubumbashi, ambalo ni jina la mto, ulipewa mwaka 1966. Shaba ndiyo iliyowaita watu. Kampuni ya Union Minière ilianza kuyeyusha mawe ya shaba hapa mwaka 1911, nayo ikatafuta wafanyakazi Rodesia ya Kaskazini na Nyasa, kisha Kasai, Lomami, Rwanda na Burundi. Watu hao hawakuwa na lugha moja. Walikutana katika Kiswahili, kwanza kwa ajili ya kazi, halafu watoto wao wakazaliwa ndani yake. Wenzetu wa pwani hukicheka Kiswahili chetu. Nawacheke, hawajui kilivyotuokoa.

Tulianzia kwenye kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, tukasali kidogo. Kutoka hapo tulikwenda mpaka sinagogi la Wayahudi, lililojengwa mwaka 1930. Tulisimama nje tu. Msichana mmoja akaninong'oneza kama si dhambi Mkatoliki kusimama pale. Nilimjibu kwamba Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, ulitufundisha kuwaheshimu Wayahudi na kukumbuka kwamba Bikira Maria na Mitume walitoka katika taifa hilo. Kisha niliwaeleza habari ambayo haimo katika vitabu vyao vya shule. Wayahudi wengi wa mji huu walitoka kisiwa cha Rhodes. Nyumbani walizungumza Kihispania cha kale, kwa kuwa mababu zao walifukuzwa Hispania mwaka 1492. Walikuja huku kufanya biashara, na tangu mwaka 1937 waliongozwa na Rabi Moïse Lévy. Mwezi wa Julai 1944, Wajerumani waliwakamata ndugu zao waliobaki kisiwani, watu zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz, na wachache sana walirudi. Basi palikuwa na watu katika maduka ya Elisabethville waliokuwa wakipima vitambaa mchana, na jioni wakingoja barua ambazo hazikuja kamwe. Leo Wayahudi waliobaki mjini ni wachache.

Wanafunzi walinyamaza njiani. Nikaona ni wakati mwema wa kuwasimulia pia juu ya Simon Kimbangu. Mahakama ya Wabelgiji ilimhukumu kufa mwaka 1921, mfalme akaibadili hukumu kuwa kifungo cha maisha, naye akaletwa huku mbali na kwao, akakaa gerezani Elisabethville miaka 30, mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Sisi Wakatoliki hatushiki mafundisho ya Wakimbangu. Lakini ukipita Jumapili karibu na hekalu lao ukasikia tarumbeta na filimbi, yafaa ujue kwamba mtu wao alimalizia maisha yake katika mji wako.

Kutoka mjini kwenda Kamalondo tulivuka mahali ambapo zamani Wabelgiji waliacha ardhi tupu, mamia ya mita, ili nyumba za Wazungu zisikaribiane na nyumba za Waafrika. Walisema ni kwa ajili ya afya. Leo wapita njia huvuka bila kujua walichovuka.

Naamini chakula kilivuka kabla ya watu. Wagiriki wa Kasenga walivua samaki katika Luapula na ziwa Mweru, wakawapanga juu ya barafu na kuwaleta kwa magari mpaka hapa, nao wafanyakazi wa migodi wakala samaki wa Mgiriki kwa bukari yao. Na bukari yenyewe! Mbemba huiita ubwali, Mluba wa Kasai huiita bidia na kuichanganyia unga wa muhogo, mtu wa Kinshasa akifika husema fufu, na kila mmoja huapa kwamba ya mwenzake haishibishi. Katika soko la Kenya (nina maana ya mtaa wetu, wala si nchi ya Kenya) tulinunua chikanda, kile chakula ambacho mgeni hudhani ni nyama mpaka aambiwe kuwa ni viazi vidogo vya porini vilivyotwangwa na kupikwa pamoja na karanga na pilipili. Kilitoka kwa Wabemba, na wanaokila leo ni watu wa kila kabila. Vijana wakala pia sambusa, ambayo ni ya Wahindi, na viwavi waliokaushwa, ambao mimi siwapendi, nanyi msinilazimishe.

Chini ya mti tuliwaona Bapostolo wakisali, mavazi yao meupe, miguu yao mitupu. Hawajengi kanisa. Tulipita polepole.

Mwisho tulikaa kwa mama mmoja auzaye mikate ya mafuta na munkoyo. Alikuwa akizungumza Kiluba cha Kasai na mteja wake. Mvulana mmoja kati ya wangu, mtoto mwema, mtumikiaji wa Misa, alimgeukia mwenzake akatamka neno moja, "bilulu", yaani wadudu. Hakulitunga yeye. Ndilo neno lililotumika miaka ya 1992 na 1993, wakati watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa kwa maelfu kutoka Likasi na Kolwezi, wakalala vituoni wakingojea treni, na wengi wakafa. Mvulana huyu alizaliwa miaka mingi baadaye. Ni nani aliyemfundisha?

Yule mama alisikia. Aliwagawia kwanza mikate, mmoja mmoja, naye pia. Halafu akasema, "Wanangu, mimi nilizaliwa Likasi. Baba yangu alifanya kazi Gécamines. Tulikaa kituoni majuma matatu. Mdogo wangu alizikwa karibu na reli. Mimi nilirudishwa kwa siri na jirani yetu, Msanga, akanileta huku kwa dada yake, nikalelewa hapa Kenya. Huyo ndiye aliyenifundisha kupika hii mikate mnayokula."

Hakuinua sauti. Mteja alikuja, akamhudumia, akahesabu faranga zake. Yule mvulana alikuwa bado ameushika mkate mkononi. Baada ya kitambo aliinuka, akamwuliza kama angeweza kumchotea maji. Mama akampa ndoo. Bomba liko upande wa pili wa soko, na foleni siku hiyo ilikuwa ndefu. Tulimngojea karibu nusu saa.